Upepo wa Swali la 4417

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, saa tatu kasorobo asubuhi, Steinvör alivua viatu mlangoni mwa ofisi ya mitihani ya Kaldeyri, akavipanga kwenye rafu pamoja na vya wenzake wanane, akaingia na soksi. Hjalti, msimamizi wa mitihani, alipokea simu yake, saa yake ya mkononi na pakiti ya pipi nyeusi za chumvi, akavifungia vyote katika kabati dogo na kumpa ufunguo. Kisha akampa penseli moja na karatasi mbili za rafu za kufanyia hesabu, zilizopigwa muhuri.

"Hii ya nne," Hjalti alisema, akiangalia orodha yake.

"Ya nne."

"Haya. Ukitaka maji, nyoosha mkono."

Pale Kaldeyri hata wauza soseji walijua maana ya ya nne. Anayetaka kurusha ndege za abiria hufanya mitihani kumi na mitatu, na kila somo lina nafasi nne tu. Ukianguka mara ya nne, hata kama ni katika somo moja, yote kumi na mitatu hufutwa na unaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuona ndege. Steinvör alikuwa amefaulu kumi na miwili. Lililobaki lilikuwa somo la kutafuta njia angani, ambalo wanafunzi waliliita Njia. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, kazi yake kuendesha mtambo wa kuondoa theluji katika uwanja wa ndege, na kampuni ndogo inayopeleka barua na wagonjwa visiwani ilikuwa imemwahidi kiti cha rubani msaidizi. Kiti chenyewe kingemngoja mpaka Septemba. Ikifika Oktoba, atakalia mwingine.

Shida yake haikuwa akili. Shida ilikuwa penseli.

Mwalimu wake wa kwanza alimfundisha kuuchora upepo. Unachora mstari wa unakotaka kwenda, unachora mstari wa ndege inakoelekea, halafu unaunganisha ncha zake. Ule mstari wa tatu ndio upepo. Steinvör hakuweza kuacha. Wenzake waliyamaliza maswali sitini wakabaki na nusu saa ya kukuna vichwa, yeye kengele ilimkuta bado ananoa penseli. Na kila alipochora pembetatu sawasawa, upepo wenyewe ulitoka kwenye karatasi.

Hilo halikuwa jambo geni. Zamani, mitihani ilipokuwa ya kuandika kwa mkono, ilikuwa hivyo kwa wote. Hjalti alianza kazi enzi hizo. Kila meza ilikuwa na jiwe la pwani la kukandamizia karatasi, na msahihishaji alipita katikati ya meza akiwa amelowesha kidole kwa mate, anakiinua juu ya kichwa cha mtahiniwa, anahisi, anaandika alama. Katika somo la hali ya hewa walivaa makoti ya mvua. Aliyekosea hesabu alikaa kwenye hewa tuli kabisa, na kila mtu alijua, na yeye mwenyewe alijua. Si kwamba zamani ilikuwa peponi, la hasha. Kuna msahihishaji mmoja aliyempitisha mpwa wake ingawa juu ya meza ya yule kijana hata unyoya usingetikisika. Lakini angalau mjomba mtu alilazimika kusimama pale na kidole chake kikavu mbele ya watu ishirini.

Kompyuta zilipokuja, mawe yalihamishiwa bustanini. Sasa mtu husoma swali kwenye kioo, huchagua herufi moja kati ya nne, hubonyeza. Herufi hazina upepo.

Siku moja kabla ya mtihani, Steinvör alikuwa ameketi katika bwawa la maji moto la mji, maji yakimfika kidevuni, na mvuke umetanda kiasi kwamba watu walionekana vichwa tu, vimeelea hapa na pale. Kichwa kilichokuwa karibu yake kilikuwa cha Kolbeinn, waliyeanza naye masomo. Yeye alikuwa ameshafaulu yote kumi na mitatu kwa mkupuo na alikuwa anarusha ndege ya kwenda kusini kila siku.

"Una bahati mbaya na 4417," Kolbeinn alisema. "Mara tatu umekwenda, mara tatu limekutokea. Hilo swali linakupenda."

"Nimelipata sawa mara tatu, wameniandikia kosa mara tatu."

"Wee Steinvör, sikiliza. Jibu ni B."

"B inasema upepo unatoka kaskazini-mashariki."

"Ndiyo."

"Unatoka kusini-magharibi, Kolbeinn! Nimeuchora. Umenipiga usoni."

"Nani amekuuliza upepo unatoka wapi? Umeulizwa B iko wapi." Kolbeinn alicheka, akajimwagia maji utosini. "Mimi benki yote ya maswali nimeimeza. Elfu tisa na mia mbili. Nikiona namba tu, kidole kinakwenda chenyewe. Hiyo 4417 wote tunaijua. Aliyeingiza majibu aliandika upepo unakokwenda badala ya unakotoka. Basi. Mtu mmoja, alasiri moja, labda alikuwa na njaa."

"Na hawajarekebisha?"

"Wewe nawe! Warekebishe kwa faida ya nani? Ukiliona, fumba macho, bonyeza B, ukale keki."

Ni kosa ambalo mvuvi hawezi kulifanya, wala mchunga kondoo. Kila anayeishi kwa upepo huuita kwa jina la utokako, kwa sababu utokako ndiko unakokuja kukuua. Steinvör, aliyeshinda kila siku ya baridi chini ya ile soksi kubwa ya rangi ya chungwa inayoonyesha marubani upepo uwanjani, alilala vibaya usiku ule. Alijiambia atabonyeza B. Alijiapiza kabisa.

Sasa yuko mbele ya kioo, na swali la ishirini na moja lilipofunguka lilikuwa lenyewe: 4417. Angebonyeza tu, hadithi ingeishia hapa. Ila mkono ulikuwa umeshashika penseli.

Alichora mstari wa kwanza, akachora wa pili, akaziunganisha ncha. Upepo ukaamka. Ulianza kwa kugeuza pembe ya karatasi, kama mtu anayetaka kuona ukurasa wa pili, kisha ukajaa chumba kizima, maili ishirini na tano za baharini kwa saa, kutoka kwenye kona ya choo ambayo ndiyo kusini-magharibi, kwenda kwenye kona ya mashine ya kahawa. Makoti kwenye ndoano yakanyanyuka yote pamoja yakabaki yamenyooka. Ulikuwa na harufu ya chumvi na ya nyasi zilizolowa. Watahiniwa wanane, nywele zao zimelala upande mmoja, waliendelea kusoma vioo vyao. Wawili kati yao walikuwa wamefikia 4417 pia. Waliinua mkono wa kushoto kuzuia nywele zisiingie machoni, na kwa mkono wa kulia wakabonyeza B.

Hjalti aliinuka, akafunga dirisha, akaona si la dirisha, akarudi kukaa.

Steinvör aliitazama B kwa muda mrefu. Ndani ya ule upepo alihisi usingizi mtamu, ule wa utotoni unapolala kwenye gari na wazazi wanaongea mbele. Akafikiria Septemba. Akafikiria visiwa, na mgonjwa amelala nyuma ya ndege amefungwa mikanda, na yeye mbele akiambiwa na redio upepo unatoka wapi, akiamini. Akabonyeza C.

Saa sita kasorobo, kompyuta ilitoa jibu lake bila kuchelewa: arobaini na nne kati ya sitini. Zilitakiwa arobaini na tano.

Hakulia. Alikasirika, tena vibaya sana, hata masikio yakawa mekundu. Alimfuata Hjalti mezani, nywele zimemsimama.

"Hjalti, unausikia huu upepo au huusikii?"

"Nausikia, mama. Umenimwagia kahawa."

"Unatoka wapi?"

Hjalti alilowesha kidole kwa mate, akakiinua. Ilikuwa miaka kumi na tisa tangu akiinue mara ya mwisho, na kidole kilijua kazi yake.

"Kusini-magharibi," alisema. "Ishirini na tano, ishirini na sita hivi. Kazi safi."

"Basi niandikie nimefaulu."

"Mimi siandiki siku hizi. Mimi nagawa penseli." Akanyoosha mkono. "Karatasi za rafu, tafadhali. Sheria."

Sheria ilisema karatasi za rafu zikatwekatwe mbele ya mtahiniwa. Hjalti aliziingiza kwenye mashine ya kukatia karatasi, zikatoka nyuzinyuzi zikaangukia kapuni. Upepo haukupungua. Sasa ulikuwa unatoka kapuni, ukizunguka kona, ukijipanga tena mpaka ukafika kusini-magharibi kamili, kisha ukavuma. Hjalti alijaribu kulihamisha kapu. Upepo ulirudi kwenye kona ya choo. Akaliacha.

Fomu ya malalamiko ilijazwa kwenye kompyuta, na iliruhusu herufi mia tatu. Palikuwa na mahali pa kuambatisha picha, hapakuwa na mahali pa kuambatisha upepo. Steinvör aliandika: *Upepo upo, njooni.* Wakaja, baada ya wiki tatu.

Aliyekuja ni Ragnheiður kutoka makao makuu ya kusini, mwanamke mpole mwenye sweta la sufu alilojifumia mwenyewe. Alishuka kwenye ndege ya asubuhi na kisanduku cha mbao ndani yake mna kipimaupepo alichoazima kwa watu wa hali ya hewa. Alivua viatu. Alisimama katikati ya chumba kwa dakika kumi akiinua kile kipimo, akaandika namba, akahamia pembeni, akaandika tena. Halafu wote watatu walikaa mezani kwa Hjalti, vikombe wamevishika kwa mikono miwili, wakala maandazi ya kusokotwa yaliyokuwa yakijaribu kuondoka kwenye sahani.

"Digrii mia mbili na thelathini, maili ishirini na tano," Ragnheiður alisema. "Ni upepo mzuri kabisa. Jibu sahihi."

"Basi nimefaulu," alisema Steinvör.

"Hapana, mpenzi. Upepo umefaulu. Wewe ulibonyeza C."

"C ndiyo huo upepo!"

"Najua. Nakubaliana na wewe asilimia mia, na nitaiandika hivyo kwenye ripoti." Alikandamiza andazi kwa kidole. "Lakini benki ya maswali si yetu peke yetu, ni ya nchi nyingi. Sisi tunaipokea tu. Na tuseme wamekubali kubadilisha ufunguo wa majibu leo. Wale wote waliobonyeza B inabidi wahesabiwe upya. Nimeangalia. Ni watu elfu moja mia moja na kitu. Kuna ambao walipita kwa swali moja, hilo hilo. Sasa hivi ni marubani, wengine makapteni. Mmoja ndiye aliyenileta hapa asubuhi hii."

"Kolbeinn?"

"Kijana mwenye ndevu. Ametua vizuri tu." Alifikiri kidogo. "Kwa mwendo mkubwa, lakini vizuri."

 Kwetu wahenga husema ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Pale ofisini ukweli ulidhihiri, ukapimwa, ukaandikwa kwa wino, ukapewa namba ya jalada. Uongo nao ukabaki umeketi pale pale ulipokuwa, hakuna aliyeuambia usogee. Ragnheiður alimkumbatia Steinvör kwa huruma ya kweli, akafunga kisanduku chake, akawahi ndege ya saa nane.

Kiti cha Septemba kilipata mtu. Steinvör alianza somo la kwanza tena, sheria za anga, kitabu kile kile chenye alama zake za penseli za miaka minne iliyopita.

Majira yalipita, na upepo ukawa mali ya ofisi. Kwanza Hjalti alitundika soksi ndogo ya rangi ya chungwa juu ya mashine ya kopi ili wageni wasiulize. Baadaye likaja tangazo: watahiniwa waje na skafu, wenye nywele ndefu wazifunge. Mwanamke wa usafi aliacha kupeleka matambara yake kwenye chumba cha kukaushia, akawa anayaanika kwenye kona ya mashine ya kahawa, yanakauka kabla hajamaliza ngazi. Wakati wa kiangazi, jua likiwa halizami na mwanga ukikaa chumbani mchana kutwa kama maziwa kwenye bakuli, watu wa ofisi za jirani walikuja kula chakula chao cha mchana pale, samaki wa kupondwa na viazi, kwa sababu palikuwa na ubaridi mzuri. Walikaa kimya, macho wameyafumba nusu, shati zimejaa hewa. Wengine walisema wakikaa pale huota wakiwa macho: mashamba yakipita chini, kondoo wadogo weupe, mtu mmoja anapunga mkono uani kwake.

Faida kubwa waliipata wanafunzi. Zamani ilibidi wakariri 4417 kwa shida, wapo waliochanganya B na D. Sasa hakuna aliyekosea. Mtu akifika kwenye lile swali anainua uso, anahisi upepo unatoka wapi, anachagua kinyume chake. Ofisi ya Kaldeyri ikawa ya kwanza nchini kwa ufaulu wa somo la Njia, na makao makuu wakaitumia keki yenye bendera.

Kolbeinn ndiye aliyemweleza Steinvör hayo, bwawani, kwa furaha isiyo na ubaya ndani yake.

"Unaona? Upepo wako umesaidia watu."

"Usinichekeshe."

"Kweli! Vijana wanakuita Mama Upepo. Wanakuombea."

"Wewe ulipotua na Ragnheiður siku ile, ulitua upepo ukikutokea wapi?"

Kolbeinn alijipangusa maji usoni. "Watu wa mnara wa kuongozea ndege waliniambia unatoka digrii mia mbili na thelathini," alisema. "Nikasema sawa. Halafu sijui, kichwa kikageuza chenyewe, nikatua upepo ukinisukuma mgongoni badala ya kunipiga usoni. Nilisimama mita kumi kutoka baharini." Akazama chini ya maji, alipoibuka alizungumza mambo mengine.

Ilimchukua Steinvör mwaka mmoja na mwezi mmoja. Masomo kumi na mawili aliyafaulu tena, mengine kwa alama nzuri kuliko mwanzo. Kampuni ya visiwa ilipiga simu yenyewe: yule wa Septemba amehamia kwenye ndege kubwa, kiti kiko wazi, je, atakuwa tayari lini? Alisema Jumanne. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na mwenye kampuni alimwambia waziwazi kwamba hawezi kungoja mara ya tatu, ana wagonjwa.

Jumanne alivua viatu, akatoa simu, saa na pipi zake. Hjalti alimpa penseli na karatasi mbili.

"Ya kwanza hii," alisema, akitazama orodha.

"Ya kwanza," alijibu Steinvör, akafunga skafu.

Safari hii hakuchora isipokuwa pale alipokwama kabisa. Alikuwa amefanya mazoezi ya kutochora kama mtu anayeacha sigara. 4417 lilikuja la thelathini na nane. Hakuhitaji penseli. Upepo wake mwenyewe, wa mwaka jana, ulikuwa unampiga shavu la kulia, ishirini na tano kamili, una chumvi yake na nyasi zake. Haukumlaumu. Haukumsihi. Ulivuma tu kutoka ulikotoka.

Alikaa na swali lile dakika nne, na dakika nne katika mtihani ule ni utajiri. Alijiambia ni herufi tu. Alijiambia wagonjwa wa visiwani hawaulizi rubani alibonyeza nini. Alikumbuka mita kumi za Kolbeinn akaziondoa akilini kwa nguvu. Akageuza uso ili upepo umpige kisogoni asiuone, akabonyeza B shingo upande.

Saa sita kasorobo kompyuta ikatoa jibu: hamsini na mbili kati ya sitini.

Alisoma ile namba mara mbili. Kisha akafanya hesabu ndogo ambayo hata mtoto angeifanya: hamsini na mbili toa moja ni hamsini na moja. Zilitakiwa arobaini na tano. Lile swali hakulihitaji kabisa.

Hapo ndipo alipolia, mwaka mzima akiwa hajalia, machozi yakisukumwa na upepo kwenda masikioni.

"Hongera," alisema Hjalti, akipokea ufunguo wa kabati. "Mbona hivyo? Umefaulu."

"Hjalti, naona aibu. Nirudishie lile moja. Lifute. Niandikie kosa, nitabaki na hamsini na moja."

"Lile ulilolipata?"

"Lile nililodanganya."

Hjalti aliitazama kompyuta, akamtazama yeye. Alikuwa mtu mwema na angependa kumsaidia. "Halina pa kurudishia," alisema. "Kwenye mashine limeandikwa sahihi."

Alichukua karatasi zake za rafu, moja nyeupe kabisa, nyingine na mistari michache, akaziingiza kwenye mashine ya kukatia. Steinvör alivaa viatu mlangoni, akifunga kamba polepole. Ndani watahiniwa wa zamu ya mchana walikuwa wanakaa, wanatundika makoti, wanakaza skafu. Msichana mmoja wa meza ya mbele aliinua uso kwenye upepo, akafumba macho, akatabasamu, na midomo yake ikatamka taratibu: "B."